Kivuli cha Jengo Hutoka kwenye Asidi

Msomaji mmoja kaniandikia: mistari yake imenyooka, vipimo vya jengo viko sawa, lakini chapa yake, yaani picha inayochapwa kwa bamba la shaba lililoliwa na asidi, ikitoka inaonekana kama ramani ya fundi ujenzi. Maneno hayo nayajua. Mwalimu wangu aliniambia hivyo hivyo mbele ya wenzangu, na mpaka leo yananiuma. Mwezi uliopita chapa yangu ya ngazi za mnara ilichaguliwa kwenye maonyesho, kwa hiyo nasema kwa ujasiri: tatizo si mkono wako, ni muda wa asidi.

Ngazi zile nilizichora kwa sindano moja tu kwenye bamba la shaba lililopakwa nta; asidi hula pale tu sindano ilipokwangua nta. Bamba likaingia kwenye asidi kidogo, nikalitoa, nikafunika kwa vanishi dirisha na ukuta wa mbali, likarudi. Kila awamu nilifunika kile nilichotaka kibaki hafifu. Mwisho ukabaki wazi upinde wa chini peke yake, asidi ikaula mpaka ukipitisha ukucha unakwama. Wino wa mle hutoka mzito, ukaugusa kwa kidole juu ya karatasi. Hapo ndipo mtu anaogopa kushuka ngazi.

Piranesi, mchoraji wa chapa wa Italia, alilijua hili. Magereza yake ya kubuni yalitoka karibu mwaka 1750, mabamba 14. Mwaka 1761 aliyarudia yale yale, akaongeza mawili, akazidisha mistari na kuchimba vivuli. Kuta nyingi ni zile zile, ila toleo la pili linabana kifua.

Akwatinti, ule unga wa utomvu unaoyeyushiwa juu ya bamba, inafaa kwa anga na ukungu. Lakini wengi wenu mnaimwaga jengo zima, mawe yanakosa uzito. Acheni hiyo! Wino nao msiufute wote kwenye bamba kabla ya kuchapa: Whistler, mchoraji Mmarekani, kwenye chapa zake za Venice za 1879 na 1880, aliacha utando wa wino juu ya shaba, na usiku ukapatikana bila mstari hata mmoja kuongezwa.

Subira, ndugu zangu. Subira na vanishi.

Wewe uliyeniandikia, bamba hilo usilitupe. Lipake nta upya, ongeza mistari upande wa kivuli tu, lirudishe kwenye asidi, madirisha ya chumba yakiwa wazi. Kisha nitumie chapa zote mbili, ya kwanza na ya pili.