Kompositi kwa Meno ya Kahawia: Yangu Nimeyatengeneza, Sasa Nisikilizeni

Tangu niweke picha ya sendofu ya mdogo wangu, ile ambayo nimeshika maiki nacheka mpaka magego yanaonekana, simu yangu haipumziki. Wengi wananipongeza. Wachache wanauliza kama nimevaa meno ya bandia, hao nimewanyamazia. Halafu kuna binti wa Ngarenanyuki ameniandikia: "Shikamoo dada. Meno yangu ni kama yako ya zamani. Desemba naolewa. Ulifanyaje? Inauma? Bei gani?" Marahaba mdogo wangu. Nakujibu hapa hapa hadharani, maana najua mko wengi na mnaona haya kuuliza.

Kwa wasiotoka kwetu: chini ya Mlima Meru maji mengi ya visima na chemchemi yamepita kwenye miamba ya volkano na yamebeba floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwetu kuna vyanzo vinavyopita hapo mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya taya, yanaota na madoa: meupe ya chaki kwa mwenye bahati, ya njano, au kahawia kabisa yenye vishimo kwa sisi wengine. Hali ni hiyo hiyo sehemu za Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, na ng'ambo ya mpaka Nakuru na Naivasha. Siyo uchafu. Ningelipwa kila nilipoambiwa "kapige mswaki", nisingehitaji kikoba.

Nyumbani sikuwahi kujiona nina kasoro. Darasa zima tulikuwa hivyo, mwalimu naye hivyo hivyo. Niliyajua meno yangu nilipofika Dar es Salaam kutafuta kazi. Hoteli moja, jina naliacha, walinifanyia usaili wa mapokezi. Kiingereza nilikimwaga, kompyuta nikaiendesha, mama aliyekuwa ananihoji akafurahi. Mwisho akafunga faili, akaniambia kwa upole kabisa, "Umefaulu, ila pale mbele wageni wanataka tabasamu." Wakanipa stoo ya mashuka. Nikakunja mashuka ya watu huku wenzangu niliowashinda kwenye usaili wakipokea wageni. Hadi leo nikipita mbele ya lile jengo napunguza mwendo. Sina la kumwambia mtu, napunguza tu.

Basi. Nikaanza kucheka kwa kuziba mdomo na kiganja, mnaijua hiyo. Picha za harusi za ndugu zote nimefumba midomo kana kwamba nimenuna. Miaka ikaenda, nikabadilisha kazi, nikaingia kikoba, na mgao wangu ulipotoka sikununua kabati wala sofa. Nilienda kwa daktari wa meno.

Hapa ndipo nawaomba mtulie, maana wengi mnarukia vinia, yale maganda membamba yanayobandikwa mbele ya jino. Vinia za kauri ni nzuri na zinadumu, sikatai, lakini mara nyingi daktari anapunguza kwanza enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, na enameli ikishaondoka hairudi. Ukishaanza vinia umeolewa nazo. Kompositi ni kitu kingine: ni utomvu wa aina ya plastiki uliochanganywa na chembe laini za kioo, uleule wanaozibia meno yaliyotoboka. Unabandikwa juu ya jino lako mwenyewe, unafinyangwa, unagandishwa kwa taa. Jino linabaki karibu zima. Ukipata fedha baadaye ukataka vinia, njia bado ipo wazi. Kwa mtu wa umri wako, mdogo wangu, jino lisikatwe bila sababu. Nitarudia hili mpaka mnichoke.

Tena daktari mzuri hakimbilii hata hiyo kompositi. Wangu alianza na kusafisha ugaga na kutibu fizi, kwa sababu kwenye fizi inayotoka damu hakuna kinachoshika. Kisha akajaribu kuyang'arisha, na madoa ya juu juu akayasugua kwa asidi iliyochanganywa na unga wa kukwaruza. Kuna watu wenye madoa mepesi wanaishia hapo na wanarudi nyumbani wakicheka, bila kubandikwa chochote. Mimi meno ya pembeni yalikubali. Yale ya mbele ya juu yalipungua ukali, yakabaki na rangi ya chai. Akaniambia nisubiri wiki mbili kabla ya kubandika, kwa sababu dawa ya kung'arishia huacha oksijeni ndani ya jino na kompositi ikiwekwa mapema haishiki vizuri. Kwa hiyo, bibi harusi wa Desemba, usiende kliniki wiki ya kuamkia sendofu. Nenda sasa.

Siku yenyewe ndiyo mnayoitaka, najua. Kabla ya lolote alichagua rangi, meno yakiwa bado yana mate. Jino likikauka hupauka, na rangi iliyochaguliwa juu ya jino kavu itakusuta siku zote. Alikuwa na kile kibao cha meno ya mfano yaliyopangwa kwa namba. Akaweka A2, nyeupe ya kawaida ya jino, karibu na jino langu, akaweka na nyeupe kabisa ile ya watu wa Instagramu. Nikajiona kwenye kioo na ile nyeupe, tukacheka wote wawili. Tukabaki na A2. Akatoa tone la kompositi, akalibandika bila gundi juu ya doa na kuligandisha, tuone kama kahawia inajificha. Haikujificha. Akalibandua, akaleta nyingine nzito isiyopitisha mwanga ya kukaa chini, ndipo ile nyepesi ije juu.

Sindano hakunipiga. Akanitanua midomo kwa plastiki, akazungushia pamba, akapaka jeli ya asidi ya fosforiki yenye rangi ya bluu. Jino la kawaida huachiwa nusu dakika au chini ya hapo, likioshwa na kukaushwa linageuka rangi ya chaki, dalili kwamba limepata vijitundu vya kushikilia. Hii mbinu ya asidi siyo ya jana, daktari Mmarekani Michael Buonocore aliandika kuihusu mwaka 1955. Ila meno yetu ya floraidi ni magumu kwa asidi. La kwangu la kwanza lilikauka likiwa bado linang'aa. Akaguna. Akakwaruza juu kidogo sana kwa mashine, akarudia jeli na kuiacha muda mrefu zaidi, ndipo chaki ikatokea. Ndiyo maana nasema mwende kwa mtu aliyewahi kushika meno ya kwetu. Asiyeyajua atakubandika haraka haraka, na kabla ya Pasaka umebeba kipande mkononi.

Baada ya hapo ni gundi kwa kiburashi, upepo, taa. Halafu kompositi tabaka kwa tabaka, kila moja nyembamba isiyozidi milimita 2, kila moja na taa yake ya bluu, kwa sababu mwanga haufiki chini ya tabaka nene. Kati ya jino na jino anapitisha karatasi nyembamba ya plastiki yasigandane. Anafinyanga, anarudi nyuma, anakodoa, anaongeza pale ncha. Taya langu lilichoka kuliko yeye. Mwisho akaleta vidiski vidogo vya msasa, kigumu kwanza halafu laini halafu laini zaidi, na karatasi ya rangi ya kuuma ili ajue wapi panagongana. Hilo la kugongana msilidharau, panapogonga ndipo panapovunjika. Maumivu hakuna, kuna uchovu. Siku za mwanzo herufi "s" ilikuwa inanitoka na upepo.

Kwa walioniuliza kuhusu mwanya: ndiyo, kompositi inaziba mwanya, tena ni kazi nyepesi. Mimi nisingeuziba. Wanawake wa pwani wameimbiwa mashairi kwa ajili ya mwanya, wewe unalipa kuuondoa! Lakini ni mdomo wako.

Sasa niseme la mama. Nilipopanda basi kwenda nyumbani nilikuwa nimejiandaa kwa vigelegele. Mama alikuwa anachambua maharage ukumbini. Nikamwamkia nikiwa nimetabasamu makusudi. Akaniangalia, akaitikia, akarudi kwenye ungo wake. Baadaye kabisa, bila kuinua macho, akasema, "Sisi wengine tutazikwa nayo haya haya." Meno yake ni yale yale niliyokuwa nayo mimi. Sikuwa nimewaza hivyo hata siku moja. Nilimwambia nitamlipia naye, akasema yeye amekula nayo na kuzaa nayo na kusali nayo, hana shida nayo. Tangu siku hiyo mbele yake nacheka kwa kiasi, na sijui kama hilo ndilo analotaka.

Tuendelee. Matunzo. Kompositi siyo ya milele, wengi hukaa nayo kati ya miaka mitano na saba, wengine zaidi, kutegemea unavyoila dunia. Inashika rangi: chai ya rangi, kahawa, manjano ya mchuzi, sigara. Na ikishashika rangi, dawa ya kung'arisha haiisaidii, hapo ni kusuguliwa upya kliniki au kubadilishwa. Sikuwaambia mwache chai, mtanifukuza Arusha, kunyweni na msukutue maji. Ile dawa ya meno ya mkaa inayouzwa mitandaoni wekeni mbali, inakwaruza ule mng'ao. Msifungue soda kwa meno. Msitafune barafu wala kucha. Anayesaga meno usiku amwambie daktari kabla ya kubandikwa, atengenezewe kinga ya kulalia. Mimi ncha ya jino moja ilimeguka kwa hindi la kuchoma la barabarani, nikarudi, ikajazwa pale pale bila kubomoa kilichobaki. Hiyo ndiyo raha ya kompositi. Hilo hindi silijutii, lilikuwa tamu.

Na hawa wa saluni! Kuna watu mjini wanapaka kucha asubuhi, jioni wanabandika meno, kwa gundi ile ile. Nimemwona dada mmoja aliyebandikiwa, fizi zimevimba hawezi hata kupiga mswaki, na meno yameungana hayapitishi uzi wa kusafishia. Daktari wa meno anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, una haki ya kumuuliza namba yake. Akinuna, toka. Omba akuonyeshe picha za wagonjwa wake wenye madoa, siyo za mtandao. Muulize atakata kiasi gani cha jino. Nilisema nitarudia.

Bei sitaitaja, kila kliniki na yake na wanahesabu kwa jino. Bima nyingi hazilipi urembo, kwa hiyo usihesabu kadi. Mwambie akuandikie jumla, pamoja na kung'arisha na marudio ya kusugua, kabla hujakaa kwenye kiti. Tena si lazima meno yote. Hesabu yanayoonekana ukicheka kwelikweli mbele ya kioo, anza na hayo. Mawili ya mbele peke yake yanaweza kubadilisha uso.

La mwisho ni kwa kina mama, na hapa sitabembeleza. Mnatafuta fedha za kuficha meno yenu huku mnawanywesha watoto maji yale yale. Kuchemsha hakuondoi floraidi, maji yanapungua sufuriani na yenyewe inabaki, kwa hiyo inakolea zaidi. Magadi ya kulainishia makande nayo huwa nayo. Maji ya mvua karibu hayana, kingeni, fungeni mifereji kwenye bati, na mtoto mdogo ndiye anywe hayo kwanza, wakubwa wafue na mengine. Chujio la mkaa wa mifupa linafanya kazi, kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji kimelishughulikia miaka mingi, ila mkaa ukichoka lazima ubadilishwe. Miaka inayoharibu ni ile ya tangu kuzaliwa hadi kama minane, wakati meno mengi ya ukubwani yanajengwa. Baada ya hapo meno hayashiki tena madoa hayo, ingawa mifupa bado inapokea, kwa hiyo ndoo ya mvua ikizidi, nanyi kunyweni.