Ikisiri yako inasema umepata nini?

Nimehakiki makala za majarida ya kitaaluma kwa muda mrefu, na kusoma ikisiri za watu, yaani muhtasari mfupi unaotangulia makala, kumenionyesha kasoro moja inayojirudia kuliko nyingine zote: waandishi huficha matokeo yao. Si kwa makusudi. Mtu anaandika kurasa 20 za uchambuzi mzuri, akifika kwenye ikisiri anamwambia msomaji kwamba "data zilikusanywa na kuchambuliwa, matokeo yakajadiliwa na mapendekezo yakatolewa." Matokeo gani? Mapendekezo yapi? Sentensi hiyo ihamishie kwenye makala ya udongo, ya ushairi au ya mabenki, itakaa palepale bila kubadilishwa hata herufi. Ikiwa inakaa popote, basi haina kazi popote.

Fikiria ikisiri inasomwa na nani. Makala nyingi hulipiwa, lakini ikisiri huonekana bure kwenye kanzidata, kwa hiyo wapo watakaoisoma hiyo tu na kuondoka nayo. Mhariri huanza nayo anapoamua kama makala iende kwa wahakiki au irudi kwa mwenyewe. Na mimi ninapoalikwa kuhakiki, kwa kawaida natumiwa kichwa na ikisiri kwanza. Makala nzima huja nikishakubali. Kuna mialiko niliyoikataa kwa sababu tu sikuweza kutambua makala inadai nini, na sishangai kusikia waandishi wakilalamika kwamba majibu ya jarida yanachelewa. Huenda mhariri bado anatafuta mtu wa kuikubali.

Tuangalie mfano. Utafiti huu haupo, nimeutunga ili tuuchambue:

"Matumizi ya simu yameleta mabadiliko makubwa katika nyanja mbalimbali za maisha ya binadamu. Suala la kusoma kwenye simu limezua mjadala miongoni mwa wataalamu. Utafiti huu utachunguza athari za kusoma kwenye simu katika uelewa wa wanafunzi. Data zitakusanywa kwa kutumia majaribio na hojaji. Inatarajiwa kwamba matokeo yatawanufaisha walimu, wazazi na watunga sera."

Sentensi mbili za mwanzo zifutwe. Hakuna msomaji asiyejua hayo. Zinazofuata zina ugonjwa ninaoutambua haraka, kiambishi "-ta-" kilichobaki kutoka kwenye pendekezo la utafiti. Mwandishi alinakili muhtasari wa pendekezo lake la zamani, akaubandika juu ya makala iliyokwisha kukamilika. Kazi imefanyika, data zipo, lakini ikisiri bado inaahidi. Na kuhusu walimu, wazazi na watunga sera, wote wamekuwa "wakinufaika" na kila utafiti niliowahi kuusoma.

Sasa ikisiri ileile ikisema kilichopatikana:

"Makala hii inachunguza kama uelewa wa matini ndefu hupungua msomaji anapotumia simu badala ya karatasi. Wanafunzi 120 wa mwaka wa kwanza walisoma matini mbili zenye urefu sawa, moja kwenye simu na nyingine kwenye karatasi, kisha wakajibu maswali 20 kwa kila matini. Katika maswali kuhusu mambo yaliyotajwa waziwazi, hapakuwa na tofauti ya maana kitakwimu. Katika maswali yaliyohitaji kuunganisha hoja za aya mbalimbali, wastani ulikuwa 7.1 kati ya 10 kwenye karatasi na 5.8 kwenye simu. Pengo hilo halikuonekana kwa wanafunzi walioandika dondoo wakati wa kusoma. Matokeo yanaashiria kwamba kuandika dondoo kunaweza kufidia udhaifu wa kusoma kwenye simu, ingawa washiriki wote walitoka chuo kimoja."

Angalia mgawanyo wa nafasi. Swali limepata sentensi moja, mbinu moja, matokeo tatu. Ndivyo ninavyopendekeza kwa makala nyingi za utafiti: nusu ya maneno yako au karibu na hapo iende kwenye matokeo. Angalia pia nyakati za vitenzi. Yaliyofanyika yamesemwa kwa "-li-", dai linalobaki hai limesemwa kwa "-na-". Kisha kuna kitenzi "yanaashiria". Mwandishi hakusema "yanathibitisha", kwa kuwa kundi moja la wanafunzi halithibitishi kitu kwa dunia nzima, na kizuizi hicho amekitaja mwenyewe kabla mhakiki hajamtajia.

Watu wa fasihi, historia na falsafa huniambia kwamba wao hawana matokeo. Wanayo. Kwao matokeo ni hoja. Kama makala yako inahusu taswira ya bahari katika diwani fulani, usiishie kusema kwamba unachambua taswira ya bahari. Sema bahari hiyo inafanya nini: kwamba katika mashairi ya mwanzo ni njia ya kutoroka, na kuelekea mwisho inakuwa kaburi, na kwamba mgeuko huo unapinga usomaji uliozoeleka. Nimesikia hofu kwamba ukisema yote hayo mapema msomaji hatakuwa na sababu ya kuendelea. Hofu hiyo iachwe kwa watunzi wa riwaya za upelelezi. Mtafiti mwenzako anataka kujua dai lako ili aamue kama anahitaji kuona ushahidi wake.

Kuhusu namna ya kuiandika, mimi huandika ikisiri mwisho, makala ikiwa imetulia. Naipitia makala na kupigia mstari, katika kila sehemu, sentensi ambayo ikiondolewa makala inaanguka. Halafu nafunga faili na kuandika bila kuitazama, ili nisinakili sentensi za utangulizi. Baada ya hapo nafungua tena na kulinganisha kila tarakimu na majedwali. Hatua hii ya mwisho inadharauliwa sana. Mwaka 1999 Roy Pitkin na wenzake walichapisha katika JAMA, jarida la tiba la Marekani, uchunguzi wa ikisiri za majarida sita ya tiba. Kutegemea jarida, kati ya asilimia 18 na 68 ya ikisiri zilikuwa na data zilizopingana na makala yenyewe au zisizopatikana humo kabisa. Hayo ni majarida yenye wahariri wa kulipwa. Kinachotokea ni rahisi: mhakiki anaomba uchambuzi urudiwe, namba zinabadilika kwenye jedwali, na ikisiri inabaki na namba za zamani.

Hitimisho nalo lina mtego wake. Isabelle Boutron na wenzake, katika JAMA mwaka 2010, walisoma ripoti 72 za majaribio ya tiba ambayo tokeo lao kuu halikuonyesha tofauti ya maana kitakwimu. Katika ikisiri 42 kati ya hizo, hitimisho lilipambwa kiasi cha kumfanya msomaji adhani tiba imefaulu. Ukikuta hitimisho lako lina furaha kuliko matokeo yako, rudi ulisawazishe.

Kwenye umbo, sina mengi ya kusema, kwa sababu jarida ndilo linaloamua. Jarida la Science hutaka maneno yasiyozidi 125, jarida la PLOS ONE huruhusu 300, na mtindo wa APA (Chama cha Saikolojia cha Marekani) kwa kawaida hauzidi 250, katika aya moja isiyoingizwa ndani mstari wa kwanza. Majarida ya tiba mara nyingi hudai vichwa vidogo kama lengo, mbinu, matokeo na hitimisho. Utaratibu huo ulipendekezwa rasmi mwaka 1987 katika jarida la Annals of Internal Medicine na ukaenea. Binafsi naupenda hata kwa asiyelazimishwa. Andika kwa vichwa, kisha vifute. Kama chini ya "matokeo" hapakuwa na kitu, utakuwa umeliona pengo mapema.

Marejeleo yasiwemo, isipokuwa jarida limeruhusu, kama Nature inavyofanya. Vifupisho vipunguzwe, na kinachotumika mara moja tu kiandikwe kwa kirefu. Maneno muhimu, yale yanayoorodheshwa pamoja na ikisiri ili makala ipatikane kwa kutafutwa, yasirudie kichwa cha makala neno kwa neno: kichwa tayari kinatafutika, hivyo tumia nafasi hiyo kwa visawe na istilahi ambazo mtu wa fani jirani angeziandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Katika tiba, orodha sanifu ya istilahi za tiba iitwayo MeSH hupunguza kubahatisha.

Jarida likidai ikisiri kwa lugha mbili, usiipitishe ya kwanza kwenye programu ya tafsiri na kuiacha hivyo. Iandike upya kwa lugha ya pili, ukihakikisha namba na madai ni yaleyale. Idadi ya maneno haitalingana, na mhariri anajua hivyo.

Ufupi nao una mabingwa wake. Mwaka 2011 Michael Berry na wanafizikia wenzake walichapisha makala ambayo kichwa chake ni swali, na ikisiri yake nzima ina maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "labda hapana." Usiige, ila tambua kwamba jibu lipo.

Unapowasilisha, ikisiri hubandikwa pia kwenye fomu ya mtandaoni ya jarida, na hapo herufi za mlazo, vipeo na alama za Kigiriki huweza kupotea kimyakimya, hata "10⁶" ikawa "106". Isome ndani ya fomu kabla ya kubofya. Na ukirudisha makala iliyosahihishwa, badilisha ikisiri kwenye fomu na kwenye faili pia, kwani ile ya fomu ndiyo mfumo humtumia mhakiki kwenye mwaliko.