Barua kwa mwanangu: Maneno ya Kilatini chini ya nembo ya Arsenal

Mwanangu Baraka,

Hatujambo huku. Barua yako imefika na picha ya jezi nimeiona. Umeuliza mambo matatu: maneno Victoria Concordia Crescit yaliyo kwenye utepe chini ya nembo ya jezi hiyo ya zamani ya Arsenal yana maana gani, kama kweli yametoka kwa Warumi wa kale, na kama mnaweza kuyadarizi kwenye jezi za timu yenu ya vijana. Tena umesema kijiweni mmegawanyika. Wapo wanaoshika kwamba umoja huleta ushindi, na wapo wanaoshika kwamba ushindi ndio huleta umoja. Naanza na ubishi huo, kwa kuwa ndio wenye uzito.

Victoria ni ushindi. Concordia ni mapatano, watu kuwa na moyo mmoja. Ndani yake mna cor, yaani moyo, pamoja na con, yaani kwa pamoja. Crescit ni kitenzi: hukua, huongezeka. Wengi huandika kwamba maana yake ni "ushindi kupitia umoja", na hapo kitenzi kimeshaanguka njiani. Maneno yenyewe yanasema ushindi hukua kwa mapatano. Kitu kinachokua huanza kidogo na huhitaji muda, na kwangu mimi hilo ndilo tamu la kaulimbiu hii. Kuyasoma si kazi kwa Mswahili: viktoria konkordia kreskit, mkazo ukiwa kwenye to, kor na kres. Ukimsikia padri akisema "kreshit", hajakosea. Ndivyo Kilatini cha kanisani kinavyotamkwa.

Sasa, nani anamkuza nani? Katika Kilatini, mahali neno linapokaa hapaamui mtenda. Mtenda hujulikana kwa mwisho wa neno, na hapa maneno yote mawili yanaishia kwa a. Tofauti iko kwenye urefu wa sauti. A ya mtenda ni fupi. A yenye maana ya "kwa" huvutwa, na vitabu vya shule huiwekea mstari juu: concordiā. Nembo haziweki mstari huo. Kwa hiyo wenzako wa upande wa pili si wajinga. Kwa maandishi matupu, sentensi inaweza kusomeka "mapatano hukua kwa ushindi", na mwalimu wa Kilatini hawezi kuikataa kwa sarufi peke yake.

Kinachokata shauri ni asili ya maneno yenyewe. Hayakuandikwa na Mrumi. Yaliandikwa na Harry Homer, mhariri wa jarida ambalo Arsenal huwauzia mashabiki siku ya mechi, katika toleo la mwisho la msimu wa 1947/48. Alitafuta maneno ya kuufungia msimu, akageukia Kilatini, na hapohapo akaweka tafsiri yake: ushindi huota kutoka kwenye mapatano. Mwenye maneno ameshasema alichokusudia, hivyo kijiwe kinaweza kufunga hoja hiyo.

Msimu huo unaeleza kwa nini alichagua neno mapatano. Mwaka uliotangulia Arsenal ilimaliza nafasi ya 13. Tom Whittaker, aliyekuwa klabuni kwa muda mrefu kama mchezaji na baadaye mtaalamu wa tiba ya viungo wa timu, akapewa ukocha mwaka 1947. Nahodha alikuwa Joe Mercer, aliyetoka Everton na ambaye wengi walidhani miguu yake imekwisha. Mshambuliaji Ronnie Rooke alikuwa ameshavuka miaka 35, naye akafunga mabao 33 ya ligi. Timu ikafungwa mabao 32 tu katika mechi 42 na kuchukua ubingwa kwa pointi 59, saba zaidi ya Manchester United, wakati ushindi mmoja ukihesabiwa pointi mbili. Hawakuwa kundi la nyota vijana. Walikuwa wachezaji wenye umri mkubwa waliojipanga na kuelewana.

Hata hivyo, maneno hayo yana ndugu yao wa kale. Sallust, mwanahistoria wa Kirumi wa karne ya kwanza KK, ameandika habari za Micipsa, mfalme wa Numidia, huko Afrika Kaskazini ambako leo ni Algeria na sehemu ya Tunisia. Micipsa yuko kitandani karibu na kufa, akiwausia wanawe wawili, Adherbal na Hiempsal, pamoja na Jugurtha, mtoto wa nduguye aliyemlea kama mwanawe: "Concordia parvae res crescunt, discordia maximae dilabuntur." Kwa mapatano mambo madogo hukua, kwa mafarakano hata makubwa mno huporomoka. Angalia kitenzi: crescunt ni cha wingi, kinakwenda na "mambo madogo". Hapo concordia haiwezi kuwa mtenda kamwe. Ni "kwa mapatano" bila shaka yoyote. Wausiwa hawakusikia. Jugurtha alimuua Hiempsal, kisha mwaka 112 KK akamuua Adherbal mjini Cirta, na vita na Roma vikafuata. Waholanzi nao walichukua sehemu ya kwanza ya usia huo, Concordia res parvae crescunt, ikawa kaulimbiu ya jamhuri yao ya zamani.

Nembo yenye utepe ilianza kutumika mwaka 1949, chini ya mwaka mmoja na nusu baada ya Homer kuandika. Iangalie kwenye picha yako: mzinga wa kivita umeelekea kushoto, jina la klabu liko kwa herufi za kizamani zenye ncha, na kuna ngao ya Islington, eneo la London ambako klabu iko. Mzinga wenyewe unakumbusha Woolwich, kwenye kiwanda cha silaha cha Royal Arsenal, ambako wafanyakazi waliianzisha timu mwaka 1886. Kwa miaka mingi jezi zilivaa mzinga peke yake au hazikuwa na alama yoyote. Nembo nzima pamoja na utepe utaiona kwenye jezi za miaka ya 1990. Mwaka 2002 klabu ilibadili nembo, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na vipande vingi vya asili tofauti na ikawa vigumu kuilinda kisheria. Mzinga ukageuzwa kulia, na maneno yakatolewa. Ndiyo maana jezi mpya hazina.

Everton nao waliondoa kaulimbiu yao ya Kilatini, Nil Satis Nisi Optimum, yaani hakuna kinachotosha ila kilicho bora kabisa, kwenye nembo yao mwaka 2013. Mashabiki zaidi ya 20,000 wakatia saini kupinga, na msimu uliofuata maneno yakarudi.

Kuhusu jezi zenu, kuna mambo ya kuangalia kabla hujampa fundi pesa. Kwanza, msichukue nembo. Ina mwenyewe kisheria, na mkianza kuuza jezi mtajitafutia matatizo. Pili ni nafasi. Kaulimbiu ina herufi 24. Mashine ya kudarizi hutoa herufi kubwa safi zikiwa na kimo cha milimita 5 au zaidi. Ukishuka hadi 3, uzi unajaza matundu ya O, A na R, na concordia inabaki kama mstari wa madoa. Kwa milimita 5 maneno yote yatachukua kama sentimita 13 kwenye mstari mmoja, ilhali nembo ya kifuani ina upana wa 7 au 8. Basi ama muyapange mistari mitatu, neno moja kila mstari, ama myaweke nyuma chini ya kola. Kitambaa cha jezi huvutika, kwa hiyo fundi aweke karatasi ngumu ya kudarizia kwa ndani, la sivyo maneno yatakunjamana mkifua mara ya kwanza.

Msijitungie Kilatini kwa kuunganisha maneno ya kamusi. Hata klabu kubwa huteleza. Nembo ya Manchester City ya 1997 hadi 2016 iliandika Superbia in Proelia, ikitafsiriwa "fahari vitani". Proelia kwa umbo hilo baada ya in humaanisha kuingia vitani. Kuwa vitani kungetaka proelio au proeliis. Herufi moja au mbili tu.

Ushauri wangu: wekeni Kiswahili. Simba wana "Nguvu Moja", Yanga wana "Daima Mbele, Nyuma Mwiko", na hakuna shabiki anayeuliza maana. "Nguvu Moja" iko jirani kabisa na concordia, lakini ni ya Simba, tafuteni yenu. Mkiamua kubaki na Kilatini, mwambie fundi adarizi kwanza kwenye kitambaa chakavu, unitumie picha nihakiki herufi moja moja kabla hajagusa jezi.

Wasalimie wote hapo.

Mama yako