Kwa wadogo zangu mnaoanza maabara ya kemia ogania hapa Mbeya

Mwezi wa sita, saa mbili asubuhi, kitu cha kwanza mtu anachotaka akiingia maabara ni kufunga madirisha. Namwelewa kabisa. Nami niliyafunga mwaka wangu wa kwanza, ndiyo maana naanzia hapo.

Tulikuwa tunamimina etha, kiyeyushi kinachowaka upesi, kwenye bika, kile kikombe cha kioo cha maabara. Hatua kama nne kutoka pale, mwenzetu alikuwa anapasha mrija kwa taa ya spiriti, na sote tuliona umbali ule unatosha. Lakini mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa mara mbili na nusu hivi. Haupandi darini, unateremka na kutambaa juu ya meza kama ukungu unavyoshuka kutoka Loleza asubuhi, ila wenyewe hauonekani. Tulichoona ni mwali wa buluu ukikimbia mezani kuja upande wetu, ukatua mdomoni mwa bika. Fundi sanifu wa maabara akalifunika bika kwa sahani ya kauri, moto ukafa. Dada mmoja aliungua nywele za mbele. Macho yake yalipona kwa sababu miwani ya usalama ilikuwa machoni. Sisi wengine tulikuwa tumeipandisha kwenye paji la uso.

Kwa hiyo vaa sweta ndani ya koti la maabara, na madirisha yaache wazi. Etha ikiwepo chumbani, moto wa aina yoyote usiwepo, hata ule wa meza ya mbali. Kiyeyushi kinachowaka kipashwe kwa maji ya moto yaliyochemshwa kwingine, au kwa jiko la umeme lisiloonyesha waya mwekundu. Kama kuna kabati la kuvuta mvuke, washa feni kwanza, ndipo ufungue chupa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vingi havitakwambia, kwa kuwa namba zake ni za usawa wa bahari. Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa ya hapa inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko ya pwani, kwa hiyo vimiminika vinachemka mapema. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ethanoli kwenye 73 badala ya 78. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeleta kipimajoto akisema kimeharibika, na kumbe kipimajoto chake ni kizima. Andika ulichosoma, kisha andika na mahali ulipokisomea.

Hatari yenyewe iko kwenye vile vinavyochemka chini zaidi. Etha, ambayo kitabu kinaipa nyuzi karibu 35, hapa inachemka kwenye 29 hivi. Dikloromethani, kiyeyushi kingine mtakachotumia, inashuka kutoka 40 hadi 34. Kiganja chako, hasa kama umetoka kushika kikombe cha chai, kinatosha kuichemsha etha. Hilo utalisikia mkononi siku ya faneli ya kutenganishia, chombo cha kioo chenye kizibo juu na shina lenye bomba la kufungulia chini, cha kutenganisha vimiminika visivyochanganyika.

Wengi wataanza na kutoa kafeini kwenye majani ya chai, na majani ya Rungwe au Mufindi hayana shida kupatikana. Unayachemsha kwa maji yenye sodiamu kaboneti ili tanini, ile inayoipa chai ukakasi, ibaki kwenye maji, unapoza hadi yawe baridi kweli, unachuja, unamimina kwenye faneli pamoja na dikloromethani. Usiruke hatua ya kupoza. Chai ikiwa vuguvugu, kiyeyushi kinachemka ndani ya faneli iliyozibwa, kizibo kinaruka na chai inakumwagikia usoni.

Shika hivi: kiganja kimoja kikandamize kizibo, mkono wa pili ushike bomba. Pindua faneli, shina lielekee juu, mbali na uso wako na wa jirani, kisha fungua bomba kabla hujatikisa hata mara moja. Utasikia "fsss". Funga, izungushe polepole, fungua tena. Rudia mpaka mlio uishe. Ukitikisa kwa nguvu kama mtu anayesukasuka maziwa, chai na kiyeyushi vitashikana viwe povu la kahawia ambalo halitengani hata baada ya saa nzima. Yakikupata hayo, tia chumvi kidogo, uzungushe taratibu, usubiri.

Dikloromethani ni nzito kuliko maji, inakaa chini. Etha inakaa juu. Ukichanganyikiwa, dondosha tone la maji uone linaungana na tabaka lipi. Na usimwage tabaka lolote kabla ya kushika kafeini yako mkononi. Nimeona kazi ya asubuhi nzima ikiishia kwenye sinki. Isitoshe, sinki si mahali pa viyeyushi; kuna chupa ya taka zake. Glovu nyembamba nazo zisikudanganye, dikloromethani inazipenya upesi. Ikikumwagikia, vua, nawa, vaa nyingine.

Wakati wa kukeneka, yaani kuchemsha kimiminika na kupoza mvuke wake urudi kuwa kimiminika, tia vijiwe vya kuchemshia kimiminika kikiwa bado baridi. Ukividondosha kwenye kimiminika ambacho tayari ni moto, kitafoka chote kwa mkupuo. Vijiwe vikikosekana, vigae vya chungu cha Kyela kisichopakwa rangi, vilivyooshwa na kukaushwa, vinafanya kazi hiyo vizuri. Maji ya kondensa, ule mrija wa kupozea mvuke, yaingilie chini yatokee juu. Mtambo usizibwe kila upande, na usikeneke mpaka chupa ikauke.

Kemikali ikiingia jichoni, nenda kwenye bomba la maji uoshe dakika 15 kamili ukitazama saa, jicho likiwa wazi. Maji ya hapa asubuhi yanachoma kwa ubaridi, na wengi wanaacha baada ya dakika mbili. Mwombe mwenzako akushike kichwa.

Mwishoni kiyeyushi kikishakwenda, chini ya chupa utakuta unga mweupe wenye ukijani kidogo. Ni kidogo sana, ukiukwangua haujai ncha ya kijiko. Utatamani kuuonja, maana umetoka kwenye chai uliyokunywa tangu utotoni. Usiuonje. Umebeba mabaki ya dikloromethani. Upime uzito, uandike, ufunge kwenye kichupa chenye jina lako na tarehe.