Maswali na majibu: n8n kwenye seva ya ofisi

Wiki hii karibu maswali yote yameangukia n8n, ile programu ya kuziunganisha kazi za ofisi zijiendeshe zenyewe, yaani email ya oda ikiingia inaandikwa kwenye sheet, mhasibu anapata meseji, mteja anajibiwa, na hakuna mtu aliyegusa kitu. Yanayofanana nimeyaunganisha. Kuinstall kwenyewe ni kazi ndogo sana, mtaona wanaouliza wengi walishainstall zamani, kilio chao kinatoka kwenye setingi mbili tatu ambazo hakuna mtu anayezigusa siku ya kwanza.

Kaka habari za kazi. Tuna kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, boss amechoka kulipia Zapier (huduma ya mtandaoni inayofanya kazi hizo hizo) kwa dola kila mwezi. Nasikia n8n ukiiweka kwenye seva yako ni bure, ni bure kweli au kuna mtego? Seva yetu ina RAM GB 4 tu.

Salama ndugu yangu. Kwa kazi zenu za ndani ni bure kweli. Ila isikudanganye mtu kwamba ni open source kama Linux, hawa jamaa wa Berlin wana leseni yao inaitwa Sustainable Use License, ilianza 2022, na inasema utumie kwa shughuli za kampuni yako unavyotaka. Booking zenu, invoice zenu, email za wageni wenu, hakuna atakayekudai. Usichoruhusiwa ni kuifunga kwenye seva yako halafu kuiuza kwa hoteli za jirani kama huduma yako, kila mmoja anakulipa kwa mwezi. Kulipwa hela ya ufundi uende kumfungia mtu kwenye seva yake hiyo ruksa, wala usiogope.

RAM GB 4 inatosha kama hiyo seva haibebi na mfumo wa uhasibu na mafaili ya ofisi nzima juu yake. Kinachomaliza memori ni kupitisha vitu vizito kwa mkupuo, mapicha, maPDF, Excel ya mistari laki moja, hapo gawanya vipande vipande. Halafu nyie mna kopi za pasipoti za wageni, kwa hiyo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inawahusu moja kwa moja. Kuweka data kwenye seva yenu kunapunguza watu wanaoishika lakini hakuwaondolei wajibu wa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ukiunganisha mtiririko (workflow, yaani mnyororo wa kazi ndani ya n8n) unaotupa hizo pasipoti kwenye huduma ya AI iliyoko Marekani umeshazitoa nje ya nchi, hilo boss alijue kabla na si baada.

Mtaalamu, nitumie npm au Docker? Ofisini tuna Windows Server.

Docker, inayoifungia programu kwenye kiboksi chake kinachoitwa kontena, tena juu ya Linux. Kama Windows Server yenu ina Hyper-V tengeneza mashine ya Ubuntu ndani yake uifunge humo. Njia ya npm, ya kuinstall moja kwa moja juu ya Node.js, inafanya kazi vizuri mpaka siku mtu anaapdeti Node.js kwa ajili ya kitu kingine kabisa na n8n inagoma kuwaka, na huyo mtu atakuwa likizo. Faili la compose, yaani maelekezo ambayo Docker inayasoma, la kuanzia ni hili:

```
services:
  n8n:
    image: docker.n8n.io/n8nio/n8n
    restart: unless-stopped
    ports:
      - "127.0.0.1:5678:5678"
    environment:
      - N8N_HOST=kazi.mfano.co.tz
      - N8N_PROTOCOL=https
      - WEBHOOK_URL=https://kazi.mfano.co.tz/
      - N8N_PROXY_HOPS=1
      - N8N_ENCRYPTION_KEY=weka-ufunguo-wako-mrefu
      - GENERIC_TIMEZONE=Africa/Dar_es_Salaam
      - TZ=Africa/Dar_es_Salaam
    volumes:
      - n8n_data:/home/node/.n8n
volumes:
  n8n_data:
```

Hiyo `restart: unless-stopped` ndo itakayoiamsha umeme ukikatika ukarudi, usiifute. Ukiamua kutumia folda ya kawaida badala ya volumu halafu ukaona kosa la EACCES (kunyimwa ruhusa), ujue ndani ya kontena programu inaendeshwa na yuza namba 1000, mpe folda kwa `chown -R 1000:1000` mambo yaishe. Databesi ukiacha hivyo itatumia SQLite na kwa ofisi ya watu kumi hakuna ubaya wowote, wenye mzigo mkubwa wahamie Postgres mapema kabla mitiririko haijawa mingi.

Nimeinstall, lakini nikifungua kwa IP ya seva na poti 5678 naambiwa habari za secure cookie na hainiruhusu kuingia. Kuna mtu kaniambia niweke N8N_SECURE_COOKIE=false. Sawa? Niko Mombasa.

Itakufungulia, ndiyo, lakini sasa paswedi yako inatembea uchi kwenye waya wa ofisi. Kwa kujaribu jioni moja haina neno. Kwa kazi ya kampuni tafuta jina la domeni, weka Caddy mbele yake (programu inayopokea wanaotoka mtandaoni na kuwapitisha kwa n8n), faili lake ni mistari mitatu:

```
kazi.mfano.co.tz {
  reverse_proxy localhost:5678
}
```

Cheti cha HTTPS Caddy anakitafuta mwenyewe na kukirinyuu mwenyewe, wewe fungua poti 80 na 443 tu. Ukipenda Nginx sawa, ila usisahau kupitisha vichwa vya websocket vile vya Upgrade na Connection, la sivyo ukurasa utakuwa unakulilia "connection lost" kila saa na utamsingizia mtu wa intaneti bure.

Na hapa naomba wote msome hata ambao hamkuuliza. Wengi wanafunga faiawoli ya ufw, wanaona poti 5678 haimo kwenye zilizoruhusiwa, wanalala usingizi. Docker ina tabia ya kuandika sheria zake yenyewe kwenye iptables (faiawoli ya ndani ya Linux), poti ukiitangaza kama `5678:5678` inapita pembeni ya ufw na dunia nzima inaiona. Ndo maana juu nimeandika `127.0.0.1:5678:5678`, hapo ni seva yenyewe tu inayoifikia na Caddy ndiye mlango. Kahakiki sasa hivi kwa simu yenye bando, si kwa WiFi ya ofisi, andika IP ya nje ya seva na poti, ikifunguka ujue uko uchi.

Ripoti ya mauzo nimeipangia saa mbili asubuhi ila inafika saa tisa alasiri, boss ananiona mzembe. Mbona saa ya seva iko sahihi?

Seva iko sahihi, n8n haiangalii huko. Usipoiambia kitu inadhani iko New York, ndo default yake, na wao wako nyuma yetu saa 7, ikifika majira yao ya baridi zinakuwa 8, kwa hiyo usishangae Novemba ripoti ikahamia saa kumi bila mtu kugusa kitu. Weka ile GENERIC_TIMEZONE hapo juu, washa upya kontena kwa `docker compose up -d`, halafu fungua setingi za mtiririko wenyewe uangalie kama kuna saa nyingine imechaguliwa mle ndani maana hiyo ndo ina nguvu kuliko ya jumla. Wa Lubumbashi na Bujumbura msinakili ya Dar, nyie mko saa moja nyuma. Na kwenye cron (ratiba inayoandikwa kwa namba) saa mbili asubuhi inaandikwa 8, kuna watu wanaandika 2 halafu ripoti inaenda saa nane usiku.

Niaje boss. Niko Nairobi, nataka malipo ya M-Pesa yaingie n8n direct kupitia Daraja (API ya Safaricom). STK, ile ya kuomba PIN, inatokea kwa simu ya customer, analipa, lakini kwa n8n hakuna kitu inaingia. Nikitest mwenyewe inaingia fiti. Seva iko hapa ofisini.

Poa sana. Ukitest mwenyewe inaingia kwa sababu karibu na hakika umempa Daraja ile webhuku (adresi ya n8n ya kupokea taarifa kutoka nje) yenye `/webhook-test/`. Hiyo inasikiliza kwa muda mfupi tu baada ya wewe kubonyeza kitufe cha kusikiliza, ukiondoka kwenye ukurasa imekufa. Ya kazi ni ile yenye `/webhook/` peke yake na haifanyi kazi mpaka mtiririko uwe umewashwa, kwenye matoleo ya 2.0 ni lazima ubonyeze Publish, kusevu peke yake hakupeleki mabadiliko kwenye kazi halisi.

Pili angalia adresi yenyewe inavyoonekana ndani ya n8n. Kama inaanza na `http://localhost:5678` basi WEBHOOK_URL hujaiweka, na Safaricom hawawezi kuifikia localhost yako hata waombe. Lazima iwe HTTPS na ifikike kutoka nje. Sasa seva ikiwa ofisini nyuma ya raota, na provaida wengi hawakupi IP ya peke yako, kufungua poti hakutasaidia. Watu wanatumia Cloudflare Tunnel, kiprogramu kidogo kinakaa kwenye seva na chenyewe ndo kinapiga simu kwenda nje, raota huigusi kabisa. Na adresi usiipe jina lenye neno mpesa wala safaricom, Daraja inazikataa hizo kwenye kusajili za C2B (mteja kuilipa biashara), ita kitu kama `/webhook/malipo-k7x2`.

Kwenye nodi (hatua) ya webhuku chagua ijibu papo hapo, kazi ndefu zifuate baadaye, usiwaache Safaricom wanasubiri wewe umalize kutuma email. Halafu usisherehekee kila kinachoingia, soma ResultCode kwanza, 0 ndo amelipa, 1032 ameghairi mwenyewe kwenye simu. Na kabla ya kutoa mzigo mkubwa rudi Daraja ukaulize hali ya hiyo transakshen, kwa sababu mtu yeyote akiijua adresi yako anaweza kukutumia JSON nzuri kabisa yenye ResultCode 0 na shilingi hakuna.

Seva yetu Mwanza ilikufa na umeme. Databesi nilikuwa na bakapu, nimeirudisha kwenye seva mpya, mitiririko yote ipo lakini kila muunganisho unagoma, Gmail, MySQL, kila kitu, inasema haiwezi kufungua credentials. Nifanyeje?

Pole sana. Paswedi na tokeni zote ulizoingiza n8n inazifungia kwa ufunguo mmoja, na huo ufunguo haukai kwenye databesi. Usipouweka mwenyewe inautengeneza siku ya kwanza ikiwaka na kuuandika kwenye faili linaitwa `config` ndani ya folda `.n8n`, bila kukuambia. Wewe ulibeba sanduku ukaacha ufunguo Mwanza.

Kama diski ya zamani bado inazunguka, itoe, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, nenda `/var/lib/docker/volumes`, tafuta volumu ya n8n, humo utakuta `config` na ndani yake `encryptionKey`. Huo uweke kama N8N_ENCRYPTION_KEY kwenye seva mpya. Ikikataa kuwaka ikilalamika kwamba funguo hazilingani ni kwa sababu seva mpya nayo imeshajitengenezea wa kwake kwenye `config` mpya, weka wa zamani kote kuwili. Diski ikiwa imekufa kabisa hakuna ujanja, mitiririko itabaki salama maana yenyewe haifungwi, ila paswedi zote itabidi uzifute na kuingiza upya moja moja, tena anza na za benki na malipo.

Wengine ambao seva zenu bado zinapumua, tengenezeni ufunguo kwa `openssl rand -hex 32` kabla ya kuwasha mara ya kwanza na kopi iwekwe mahali ambapo si kwenye seva hiyo hiyo. Walioshawasha zamani msiweke mpya, chukueni uliopo kwenye `config`. Bakapu ya usiku iwe na databesi, folda ya `.n8n` na faili la compose. Mitiririko peke yake inatolewa hivi:

```
docker compose exec n8n n8n export:workflow --backup --output=/home/node/.n8n/bakapu/
```

Kuna na amri ya kutoa credentials zikiwa zimefunguliwa, `--decrypted`, mi siipendi, faili moja la maandishi lenye kila paswedi ya kampuni halafu linasahaulika kwenye Downloads. Na yeyote atakayeandika `docker compose down -v` ajue hiyo `-v` inafuta volumu, ni herufi moja inayoondoka na kila kitu.

Diski imejaa, n8n inasumbua. Nifute nini?

Historia ya kila mtiririko uliowahi kukimbia inahifadhiwa, pamoja na data iliyopita humo. Kawaida inafuta yenyewe baada ya saa 336, ndo siku 14, wewe punguza EXECUTIONS_DATA_MAX_AGE iwe 72, na mitiririko inayokimbia kila dakika iambie kwenye setingi zake isihifadhi zilizofaulu, ihifadhi zilizofeli tu. Kwenye SQLite faili halitapungua hapo hapo, linahitaji amri ya VACUUM ya kulibana.

Niiapdeti kila toleo likitoka? Na kijana aliyetufungia ameacha kazi, akaunti ya owner ni ya kwake na hapokei simu.

Kila toleo hapana, wanatoa karibu kila wiki. Ila usikae miezi sita hujagusa. Desemba 2025 lilitangazwa tundu la usalama la CVE-2025-68613, ukali wake 9.9 kwa 10, mtu mwenye akaunti tu ya kawaida anaweza kuishika seva, wakalifunga kwenye 1.122.0 na kwenye marekebisho ya matoleo yaliyotangulia kidogo. Andika namba ya toleo kwenye compose badala ya kuliacha wazi, chukua bakapu, badilisha namba, `docker compose pull`, halafu `up -d`, tena si Ijumaa jioni.

Ya kijana, ingia kwenye seva uandike `docker compose exec n8n n8n user-management:reset`, inafuta akaunti na kukurudisha kwenye ukurasa wa kutengeneza owner mpya, mitiririko inabaki na inahamia kwa owner huyo. Tumia email ya ofisi safari hii, kitu kama mifumo@ na jina la kampuni. Halafu badilisha paswedi na tokeni zote kule kwenye chanzo, Gmail, benki, databesi, kwa sababu alikuwa na SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali), na mwenye SSH ana ule ufunguo wa `config`.