Jibu: Kwa nini kano ya kisigino inachelewa kupona

Mkuu, umeuliza kwa nini msuli wa mbeba mizigo wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hupona ndani ya wiki chache, ila kano ya kisigino inamtesa miezi. Tatizo ni damu kufika kidogo. Kano, yaani kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, ni nyuzi za kolajeni aina ya 1 (protini ngumu) zilizobanana, zote zikielekea upande mmoja, na katikati yake seli chache za fibroblasti, zinazotengeneza kolajeni hiyo. Zinahimili sana mvuto wa upande huo, lakini mishipa ya damu ni michache, hasa sm 2 hadi 6 juu ya kisigino. Hapo ndipo hukatika mara nyingi.

Kupumzika tu hakutoshi, kwa sababu kolajeni mpya isipovutwa hujipanga ovyo. Asimame kwa vidole ukingoni mwa ngazi, ainuke kwa miguu yote miwili, ashuke polepole kwa mguu unaouma: mara 15, seti 3, asubuhi na jioni, wiki 12. Maumivu kidogo yanavumilika.

Sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ndani ya kano asikubali kirahisi, huidhoofisha. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, nayo huongeza hatari ya kukatika. Akisikia mlio ghafla kisha ashindwe kusimama kwa vidole, awahi hospitali ya Bugando siku hiyohiyo.