Kuhusu hilo swali lako la kuacha wanga

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, nikaona nikuandikie, maana kwa simu nitalia. Umeniuliza: "Mama, wenzangu kazini wameacha wanga, wanakula nyama, samaki, mayai na mboga hadi washibe. Sitajinyima kama zamani. Kuna ubaya gani?"

Kwa wenzako siwezi kusema. Yupo mwenye kisukari ambaye daktari wake amempunguzia wanga na sukari ikatulia. Hiyo ni dawa yake. Wewe una maradhi yako, ya kujinyima, kufakamia kisha kujitapisha, nami nimeishi nayo humu nyumbani Kibokoni.

Hukuanza na kutapika, mamangu. Ulianza na hamri moja. Ulikuwa kidato cha tatu, ukasema asubuhi utakula mbaazi peke yake. Nikafurahi, nikidhani mtoto anajitunza. Kisha ukaondoka wali, ikafuata sima, hata kiazi cha kwenye mchuzi ukawa unakisukuma ukingoni mwa sahani kwa mgongo wa kijiko. Haukupita muda nikakuta gazeti lililolowa mafuta chini ya godoro lako. Mahamri kumi na mawili, yote umeyafakamia usiku mmoja, na mfereji wa chooni umeufungulia ili nisisikie. Aliyenifumbua macho ni daktari wa meno, alipoona meno yako yamelika upande wa ndani kwa asidi ya tumbo.

Yule mshauri aliyekutibu alinieleza habari ya Marekani ambayo sijaisahau. Mwaka 1944 wanaume 36, wazima wa mwili na akili, walijitolea kufanyiwa utafiti kule Minnesota chini ya mtafiti Ancel Keys. Wakapunguziwa chakula karibu nusu kwa wiki 24. Wakawa hawawazi ila chakula. Wengine wakakusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula hadi wakaugua, na bado wakasema wana njaa. Ikiwa watu wasio na ugonjwa walifika huko, wewe uliyekwisha kuipita njia hiyo utakuwaje? Ukijiharamishia chakula kisicho haramu, siku utakayokionja utaona umeshaharibu, utakula chote, kisha utakwenda chooni.

Na hizo kilo wanazoshangilia wiki ya kwanza, nyingi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikana na kama gramu 3 za maji. Akiba ikiisha, maji hutoka, na chumvi nayo. Ukiongeza kutapika juu yake, potasiamu inashuka na moyo unapiga ovyo. Ule usiku wa dripu ulikuwa umelala, hukuiona ile mashine ya moyo. Mimi niliitazama hadi adhana ya alfajiri.

Lakini ninaloliogopa zaidi ni sifa. Zamani ukikataa chakula nilikuuliza. Sasa ukikataa, ofisi nzima itakupongeza, na maradhi yatapata pazia la kujifichia. Mwaka ule hata saumu ya Ramadhani uliruhusiwa kuiacha kwa ugonjwa, nayo ni faradhi. Sembuse hii ya ofisini?

Sasa nami nikuulize, na unijibu kweli: umeanza tena kujipima uzito? Kila siku? Kama ndiyo, mpigie mshauri wako kesho asubuhi, usingoje mpaka uanze kutapika. Siyo aibu. Maradhi haya hurudi, na yakiwahiwa hutibika.

Jumamosi panda treni uje. Nitaroweka mbaazi Ijumaa usiku, mahamri nitayasukuma mwenyewe. Tutakula pamoja, kisha tutakaa barazani saa nzima kama tulivyofanya ulipokuwa ukipona, wewe ukinisimulia mambo yako, mimi nikikusuka nywele.

Mamako